Msamaria Alisema Atarudi

Soma kwanza: Luka 10:30–35

Somo hili nililifundisha Jumatano, na baadhi yenu mkaniomba niliandike. Nimesita kidogo, maana ndani yake mna kosa langu mwenyewe, na kosa la mchungaji huwa tunalisema kwa sauti ya chini.

Mnamjua yule mtoto wetu wa Shule ya Jumapili aliyeungua. Alikuwa na miaka 5. Mama yake alitoa sufuria ya maji ya kuoga jikoni, akaiweka sakafuni, akageuka kuchukua beseni. Ni kugeuka tu. Mtoto alikuwa akicheza akirudi kinyumenyume, akajikwaa, akaketi ndani ya maji yanayochemka. Majirani wakaja mbio, huyu na mayai, yule na dawa ya meno, kila mtu na yake. (Niseme hapa kabla sijasahau: moto ukimpata mtoto, mwekee maji safi ya baridi yanayotiririka, dakika 20, kisha mfunike kwa kitambaa safi na muende hospitali. Si mayai, si unga, si dawa ya meno, wala barafu.)

Alilazwa wiki saba. Mwili ulioungua hivyo hupoteza maji mengi, na kidonda kikiingia viini ni hatari kubwa. Tulifunga, tukakesha. Madaktari walichukua ngozi mgongoni wakampandikiza nyuma ya mapaja na magoti. Usiku mmoja mama yake alinipigia simu saa nane, hakusema neno, alikuwa analia tu, na mimi nikaomba kwenye simu mpaka salio likaisha. Mungu akajibu. Hilo silipunguzi hata kidogo.

Kosa langu lilikuja Jumapili ile walipotoka. Mama alimbeba mpaka mbele kutoa ushuhuda. Nikashika kipaza sauti nikatangaza: "Amepona! Kazi imekwisha! Kule hospitali haturudi tena!" Vigelegele mnavikumbuka.

Kumbe walikuwa wamepewa kazi ya nyumbani. Kila siku amnyooshe magoti, asugue makovu kwa mafuta, usiku amfunge banzi, na mara mbili kwa wiki warudi kwa mtu wa mazoezi ya viungo. Mtoto alikuwa anapiga kelele kila akinyooshwa. Nauli nayo ilikuwa shida. Sasa pasta amesema madhabahuni kwamba kazi imekwisha. Wewe ungefanyaje? Aliacha.

Baada ya miezi mitatu mtoto alikuwa anatembea kwa vidole, magoti yamekunjika kama mtu anayetaka kuketi. Nikaenda nao hospitali. Yule dada wa mazoezi alilishika goti, akatuuliza taratibu, "Ni nani aliwaambia muache?" Mama akaangalia chini. Hakunitaja. Alikuwa tayari kubeba lawama ile mbele yangu, nami nimeketi hapo na Biblia yangu.

Nikasema, "Ni mimi."

Hakunigombeza. Alinieleza tu, na ninawapa kama nilivyopokea. Kidonda cha moto kikifunga, kovu halijatulia. Huendelea kukaza na kuvuta kiungo, mwaka mmoja na zaidi. Mtoto naye anakua, mfupa unarefuka, lakini kovu halirefuki kama ngozi nzima. Ndiyo maana anaweza kuhitaji upasuaji mwingine mbele, hata kila kitu kikifanywa vizuri.

Usiku ule nikarudi kwenye Luka 10. Nimehubiri habari ya Msamaria mara nyingi, na kila mara naishia pale barabarani, kwenye mafuta na divai. Lakini angalia mstari wa 34 na 35. Alimpandisha mnyama wake, akamfikisha kwenye nyumba ya wageni, akamtunza. Kesho yake akalipa dinari mbili, akamwambia mwenye nyumba kwamba gharama ikizidi atailipa atakaporudi. Yesu anamwacha yule mtu akiwa bado kitandani. Hatuambiwi siku aliyoinuka. Tunachoambiwa ni kwamba kuna mtu ameahidi kurudi. Mimi nilikuwa nimefunga hesabu siku ya kwanza.

Jumatano kijana mmoja aliuliza kama kuna mtoto aliyeungua miguu akaweza kukimbia tena. Sisi Wakenya lazima tufike kwenye mbio! Yupo. Glenn Cunningham, wa Kansas, Marekani. Mwaka 1917 alikuwa na miaka 7 hivi, jiko la shuleni likalipuka kwa sababu petroli ilikuwa imewekwa mahali pa mafuta ya taa. Ndugu yake mkubwa, Floyd, alifariki. Glenn aliungua miguu vibaya, madaktari wakazungumzia kuikata, wazazi wakakataa. Kisha wakaisugua na kuinyoosha ile miguu siku baada ya siku, kwa miezi na miezi. Mwaka 1934 aliweka rekodi ya dunia ya maili moja, chini ya dakika 4 na sekunde 7, na mwaka 1936 akapata fedha ya mita 1500 Berlin. Andiko alilolipenda ni Isaya 40:31. Lisome uone mpangilio wake: linaanza na kupaa, linakuja kukimbia, linaishia kutembea. Sisi tunapenda kushangilia pale pa kupaa.

Sisemi mtoto wetu atakuwa bingwa. Goti la kulia limenyooka, la kushoto bado, na daktari amesema huenda likahitaji kisu. Jumapili iliyopita nilimwomba mama yake msamaha mbele yenu, na mtoto akapanda ngazi tatu za madhabahu bila kushikwa. Alipofika juu akaniambia, "Pasta, leo usiniombee, miguu inauma, nataka kuketi." Akaketi kwenye kiti changu.

Zamu za kumsaidia mama kwa mazoezi na nauli zimeandikwa ubaoni pale mlangoni. Jumanne imejaa, Ijumaa ni yangu. Alhamisi bado haina mtu.