"Ameumia kidogo": Tusiandike ushahidi wa jeraha kwa uvivu



Ndugu msomaji, miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye kikao cha wazazi wa madrasa moja hapa mjini. Mtoto wa miaka tisa alikuwa amechapwa na ustadhi wake, na mama yake akaja kushitaki. Kwa kuwa mimi ni mwalimu wa shule, niliombwa niwe katibu. Mtoto akapandishwa kanzu, wazee wakamtazama mgongo. Mmoja akasema, "Hii michubuko tu ya watoto." Mwingine akasema, "Hapana, huyu kaumizwa." Mimi, nikitaka kikao kiishe kwa heri, nikaandika sentensi moja: "Mtoto ameumia kidogo mgongoni."

Baada ya wiki tatu baba wa mtoto alirejea safari, akataka shauri lisikilizwe upya. Mgongo ulikuwa umeshapona, hauna alama. Ushahidi uliobaki ni karatasi yangu, na karatasi ilisema "kidogo". Shauri likafungwa, na yule mama akaonekana mzushi.

Tangu siku hiyo, kila ninapofundisha mlango wa jinai katika fiqhi, naikumbuka sentensi ile. Swali la leo ni hili: Je, Uislamu unatutaka tuelezeje jeraha la mtu aliyeumizwa?

Bibi Aisha (R.A.) alivyoeleza

Katika Sahih Bukhari, kitabu cha mavazi, Ikrima amepokea kisa cha mke wa Abdurrahman bin Zabir. Mwanamke huyo alikuja kwa Bibi Aisha (R.A.) akiwa amejitanda shungi la kijani, akamlalamikia na kumwonyesha alama iliyovilia katika ngozi yake. Mtume (S.A.W.) alipoingia, Bibi Aisha alimweleza kwamba hajapata kuona mateso kama wanayoyapata wanawake waumini, na kwamba ngozi ya mama yule ilikuwa ya kijani kuliko nguo yake.

Kisa hiki kina mambo mengine ya ndoa ambayo si mada yetu leo. Tuzingatie maelezo yale. Kwanza, Bibi Aisha aliangalia kwa macho yake. Pili, alitaja rangi, na akaipima kwa kitu kilichokuwepo pale pale ambacho kila mtu angeweza kukitazama, yaani ile nguo. Tatu, hakulipunguza jambo ili kumstahi mume. Na tukumbuke kwamba mume naye alifika akasikilizwa. Kueleza jeraha ni ushahidi. Hukumu huja baadaye, baada ya pande zote mbili kusikilizwa.

Mafaqihi na daraja za majeraha

Katika Suratul Maida aya ya 45, Allah (S.W.) ametaja kwamba majeraha nayo yana kisasi. Kisasi maana yake ni usawa, na usawa hauwezekani bila kipimo. Ndiyo maana wanazuoni waliyagawa majeraha ya kichwa na uso katika daraja kumi, ingawa wametofautiana katika baadhi ya majina. Huanza na harisa, ambayo ni mkwaruzo wa ngozi. Kisha damiya, inayotoa damu. Badhia, inayokata nyama. Mutalahima, inayozama ndani ya nyama. Na simhaaq, inayofikia utando mwembamba ulio juu ya mfupa. Inayofuata ni mudhiha, inayouweka mfupa wazi; hashima, inayovunja mfupa; munaqqila, inayouhamisha mfupa mahali pake; maamuma, inayofikia utando wa ubongo; na damigha, inayoupasua utando huo.

Mudhiha ina fidia ya ngamia watano, hashima kumi, munaqqila kumi na watano, na maamuma theluthi ya diya kamili ya ngamia mia moja. Yaliyo chini ya mudhiha, pamoja na alama za damu kuvilia, hayakuwekewa idadi maalumu. Hayo hukadiriwa na hakimu kwa kusikiliza wenye ujuzi. Pigo lisiloacha alama yoyote nalo halikuachwa hivi hivi, kwani mpigaji anaweza kutiwa adabu.

Masheikh wetu wa pwani wamesomesha Minhaj ya Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) kizazi baada ya kizazi. Humo imo kanuni kwamba shahidi wa mudhiha hatoshi kusema kuwa fulani alimjeruhi fulani. Ni lazima aseme kwamba alimpiga na kwa pigo hilo akaufichua mfupa wa kichwa, na mahali pa jeraha na ukubwa wake vibainishwe. Linganisha na "ameumia kidogo" yangu!

Naam, katika nchi yetu kesi za jinai zinaamuliwa kwa sheria za serikali, si kwa fidia ya ngamia. Lakini uangalifu ule wa kushuhudia haujaondoka shingoni mwetu.

Tuyajue majina

Kiswahili chetu nacho hakina umaskini hapa, ila sisi tumezoea kuita kila kitu "mchubuko". Mchubuko ni ngozi ya juu iliyokwanguka. Ngozi ikiwa nzima lakini mishipa midogo ya chini imepasuka na damu ikaenea ndani, hapo damu imevilia. Pakivimba na kuinuka kichwani au kwenye paji, hiyo ni nundu. Jeraha la kichwani linalotoka damu ni ngeu. Mpasuko hutokana na kitu butu na kingo zake huwa zimechanika ovyo. Mkato hutokana na kitu chenye makali na kingo zake huwa safi.

Madaktari wanatufundisha mambo zaidi kuhusu damu iliyovilia:

1. Rangi yake hubadilika, kutoka wekundu au zambarau kwenda kijani, manjano na hudhurungi hadi ipotee. Lakini watu hawalingani, hivyo rangi peke yake haitoshi kusema pigo lilikuwa siku gani.

2. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi rangi huenda isionekane vizuri. Palipovimba, palipo na joto au panapouma pakiguswa ni lazima paandikwe pia.

3. Umbo husema. Fimbo mara nyingi huacha mistari miwili sambamba, katikati pakiwa peupe zaidi.

4. Mahali husema. Mtoto anayecheza huumia magoti na miundi. Alama za masikioni, shingoni, mgongoni au kwenye makalio zinahitaji maswali. Na mtoto mchanga ambaye hajaanza kutambaa, kwa kawaida hapati alama hizo mwenyewe.

Yule mtoto wa madrasa alikuwa na mistari miwili miwili, mitano au sita, kuanzia begani hadi kiunoni. Niliiona. Sikuiandika.

Tufanye nini?

Ukiitwa kushuhudia, iwe wewe ni mwalimu, jirani, imamu au mjumbe wa nyumba kumi, andika tarehe na saa. Andika alama ziko wapi, ni ngapi, zina umbo gani, rangi gani na urefu wa sentimeta ngapi. Andika maneno ya aliyeumia kama alivyoyasema. Usiandike sababu ambayo hukuiona. Ukipiga picha kwa idhini ya mhusika au mzazi, weka rula pembeni, na usiitawanye. Kisha apelekwe polisi kuchukua fomu ya PF3 na hospitali akapimwe siku hiyo hiyo. Aliye na hali mbaya awahishwe matibabu kwanza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumfanyia mtoto ukatili, na madrasa haikutengwa.

Wapo watakaosema kwamba Muislamu humsitiri Muislamu mwenzake. Ni kweli, lakini sitara ni kwa aibu ya mja baina yake na Mola wake. Haki ya aliyeumizwa si yako wewe kuisitiri. Suratun Nisaa aya ya 135 inatuamrisha tusimamie uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Ustadhi hakutolewa katika aya hiyo. Naye Mtume (S.A.W.), kama alivyopokea Imam Muslim, amekataza kupiga usoni, na Bibi Aisha ameeleza kwamba hakupata kumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi.

Mwaka uliofuata nilimwendea yule mama nikamtaka radhi. Akanijibu kwa upole, "Mwalimu, mimi sikutaka unitetee. Ungeandika tu ulichokiona."

Allah (S.W.) atusamehe tulipopunguza, na atujaalie tuwe mashahidi wa haki. Amin.

Wabillahi tawfiq.