Mahindi ya Bt na Ekari Moja

Makomredi, tangu Baraza la Mawaziri liondoe marufuku ya GMO Oktoba 2022, kesi zikafuata, na bwenini wimbo ni mmoja: sumu ama wokovu? Mimi swali langu ni la shambani.

Mahindi ya Bt yana jeni ya bakteria wa udongoni, Bacillus thuringiensis. Bungua akitafuna bua, protini yake inamtoboa utumbo, anakufa. Safi. Lakini Afrika Kusini, walioyapanda tangu miaka ya 1990, bungua sugu aliripotiwa 2007. Mbona? Akikutana na sumu ileile kila msimu, wachache wanaostahimili ndio wanaobaki kuzaa. Ndiyo maana mkulima huambiwa atenge kipande cha mahindi ya kawaida, bungua wasio sugu wapatikane wa kupandana na hao. Sasa mwenye ekari moja Siaya atatenga nini?

Kule Mbita, ICIPE walijaribu njia nyingine: desmodiamu kati ya mistari humfukuza nondo, nepia pembeni humvuta. Desmodiamu hiyohiyo hukandamiza striga, hurutubisha udongo, na ng'ombe anaila. Kazi ya mikono ni nyingi, hilo halisemwi sana, na mbegu ya desmodiamu si rahisi kupata. Nepia lakini jirani anakukatia pingili tu.