Mwanga na Macho ya Chatu Albino

Nyoka hana kope. Jicho lake limefunikwa na gamba moja jembamba linaloonyesha, na halifumbi hata akilala. Kwa chatu albino jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa hana melanini ya kunyonya mwanga uliozidi ndani ya jicho. Kwa hiyo, kabla hujafikiria taa, fikiria giza atakalokimbilia.

Albino anayefugwa sana ni yule chatu mdogo, Python regius, ambaye porini anapatikana kuanzia Senegal hadi Uganda. Ni mnyama wa usiku. Anahitaji joto, lakini joto si lazima litoke kwenye balbu. Kipasha joto cha kauri kisichotoa mwanga kinatosha, mradi kiongozwe na themostati: nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi upande wa joto, 25 hadi 27 upande wa pili. Weka maficho mawili yanayombana kidogo, kila upande moja. Akiwa na ficho moja tu, tena upande wa baridi, unamlazimisha achague kati ya joto na giza, na huo ni ukatili hata kama hukuukusudia.

Mchana, mwanga wa kawaida wa chumbani unamfaa kwa muda wa saa 12 hivi, kisha giza kamili. Taa nyekundu ya usiku achana nayo. Ukiweka taa ya urujuanimno, iwe dhaifu na imulike kona moja. Kasha la kioo lisikae dirishani penye jua.

Anapokaribia kujivua, macho yote mawili huingia ukungu, kwa albino waridi iliyofifia, halafu hung'aa tena siku chache kabla ngozi haijatoka. Okota ngozi hiyo, uinue sehemu ya kichwa kwenye mwanga. Unatakiwa kuona viduara viwili vinavyoonyesha. Pakiwa na tundu, gamba la zamani huenda limebaki jichoni. Usilibandue kwa kibano, kwani unaweza kung'oa na gamba jipya lililo chini yake. Muwekee kiboksi chenye karatasi laini zilizoloweshwa na upandishe unyevu wa kasha hadi asilimia 60 au 70. Mara nyingi hutoka anapojivua tena. Lisipotoka, au jicho moja tu likiwa na ukungu, likivimba au likibonyea, mpeleke kwa daktari wa wanyama anayewajua nyoka.