Pilipili na Daftari

Wasomaji, wengi wetu hapa Rusizi twaijua pilipili mezani, bali ni wachache walioitazama kama somo la hesabu. Nataka kuonyesha kwamba shamba dogo la pilipili laweza kuleta faida, lakini faida hiyo haipimwi kwa kutazama gunia tu.

Kwanza, kilimo chenyewe. Asili ya pilipili ni Amerika, nayo hupenda joto. Kwa hiyo bonde la Bugarama laifaa kuliko vilima vyetu vya baridi. Lakini mpunga wa Bugarama husimama majini, na pilipili haiwezi. Mizizi ikilowa mno huoza. Yapasa kuinua matuta na kuchimba mifereji. Tena isipandwe mara tu baada ya nyanya, biringani wala viazi ulaya, kwa maana ni ukoo mmoja na huambukizana magonjwa.

Sasa hesabu. Tuchukue shamba la meta 10 kwa meta 10. Tukiacha sentimeta 80 baina ya mistari na 50 baina ya miche, tutapanda miche 250. Tuseme 50 ikafa, ikabaki 200, na kila mmoja ukatoa nusu kilo. Tumevuna kilo 100.

Je, tuziuze mbichi au kavu? Tuseme robo tatu ya uzito ni maji. Zikikaushwa hata maji yakabaki sehemu 10 katika 100, tutapata kilo 28 hivi. Maana yake, kilo 1 kavu imekula kilo 3.6 mbichi. Bei ya kavu isipozidi kiasi hicho, kukausha hakuongezi fedha. Hata hivyo, mwenye mbichi hana budi kuuza upesi kabla hazijaoza, hata bei ya Kamembe ikishuka. Mwenye kavu aweza kungoja. Lakini azianike juu ya chanja, si chini udongoni, kwa kuwa ukungu huleta sumu.

Liko jambo moja ambalo wengi hulisahau. Pilipili ndogo huchumwa moja moja, tena mara nyingi katika msimu. Mara nyingi wachumaji ni mama na watoto, wala hawalipwi. Kisha baba huita fedha yote faida. Mimi nasema kazi isiyolipwa si kazi ya bure. Siku zao ziandikwe pamoja na mbegu na mbolea, ndipo tujue kama tumepata au tumepata hasara.

Wala tusing'oe maharagwe yote, kwani pilipili haishibishi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Zoezi: Uliza sokoni bei ya kilo mbichi na ya kilo kavu. Zidisha ile ya mbichi kwa 3.6, kisha ongeza ujira wa kuanika. Utamshauri mzazi wako auze zipi?