Naota mume wangu ana mwanamke ng'ambo

Shangazi, asalam aleikum. Mimi ni mke wa mvuvi hapa Rumonge, tuna watoto watatu. Ndoa tuliiandikisha komine mwaka 2017, pale serikali ya Burundi ilipowataka wote wanaoishi pamoja bila ndoa waoane. Tangu masika naota ndoto moja: mume wangu amekaa mlangoni mwa nyumba nisiyoijua, ng'ambo ya ziwa, huko Ubwari, na mwanamke anamwosha miguu. Naamka moyo unanidunda. Akirudi kutoka ziwani simsalimii. Nilisomewa kijitabu cha Ibn Sirin, nikaambiwa nitaachwa. Mganga anataka faranga elfu 80 aikate hiyo ndoto. Majirani wawili niliowasimulia wanasema ndoto ya alfajiri haidanganyi. Nifanye nini?
Mama wa Watatu, Rumonge

Waaleikum salaam, mwanangu.

Nianze na hao majirani, maana neno lao ndilo lililokuchoma zaidi. Ndoto ya alfajiri haina ukweli kuliko ya usiku wa manane. Inachozidi ni kukumbukwa. Usingizi wenye ndoto nyingi huja kwa awamu, kila baada ya dakika 90 hivi, na awamu za karibu na kucha ndizo ndefu. Anayelala moja kwa moja hadi jua litoke husahau karibu zote. Wewe unaamka gizani uwahi mwaloni kupokea ndagala, unaikatisha ndoto katikati, unatoka nayo ingali mbichi. Ndiyo maana inakufuata kutwa.

Halafu uitazame kalenda ya mwezi. Siku za giza wanaume hutoka jioni na taa zao, zamani za karabai, siku hizi za sola, samaki wafuate mwanga. Mbalamwezi ikishamiri taa hazina kazi, mitumbwi inapandishwa mchangani, na mumeo analala nyumbani. Je, siku hizo unaiota? Kama huioti, nusu ya jibu unayo: inakujia ukiwa peke yako kitandani. Mke wa mvuvi hulala na hofu mbili, ya dhoruba na ya mwanamke mwingine, na zote mbili zinasema neno moja: harudi.

Kuhusu kijitabu. Ibn Sirin alikuwa mwanazuoni wa Basra, alifariki mwaka wa 110 Hijria, na vitabu vya ndoto vinavyouzwa kwa jina lake vilikusanywa na wengine baada yake. Lakini inasimuliwa kwamba watu wawili walimjia, kila mmoja ameota anaadhini. Mmoja akamwambia atakwenda Hija, wa pili akamwambia atakatwa mkono kwa wizi. Ndoto moja, majibu mawili, kwa sababu alimtazama mwotaji kwanza. Aliyekusomea wewe alikuuliza nini kuhusu maisha yako? Hakukuuliza kitu. Basi hukumu yake iache hukohuko kwenye karatasi.

Dini yako imekwisha kukupa njia. Mtume amefundisha kwamba ndoto ni tatu: bishara itokayo kwa Mungu, huzuni itokayo kwa shetani, na yale nafsi inayojisemea yenyewe. Mwenye kuota linalomchukiza ajikinge kwa Mungu, ateme mate kidogo kushoto mara tatu, ageuke ubavu, wala asimsimulie mtu. Wewe umewasimulia wawili, na sasa mumeo ana kesi mtaani ambayo hajaitiwa.

Hapo ndipo ninapoogopa kwa ajili yako. Mwaka 2014 mwanasaikolojia wa Marekani, Dylan Selterman, na wenzake walichapisha utafiti juu ya wanafunzi wa chuo wenye wapenzi, walioandika ndoto zao kila siku. Walioota usaliti walijisikia mbali na wenzao siku iliyofuata, na wivu wa ndotoni ulifuatiwa na ugomvi wa mchana. Wewe hujanieleza kosa hata moja ulilomwona nalo mumeo ukiwa macho. Umenieleza lako: mtu anatoka ziwani amelowa, hajalala, anafika kwake hasalimiwi. Nyumba inaanza kuharibika hapo, na mwanamke wa Ubwari bado hajapatikana.

Sisemi wanaume wa ziwani ni malaika. Wapo wenye nyumba ng'ambo, tunawajua. Kwa hiyo jiulize ya mchana. Fedha za nyumbani zimepungua wakati mavuno ni mazuri? Analala ng'ambo siku ambazo wenzake wa mtumbwi wamekwisha kurudi? Ubwari umeisikia kwake, au kwa majirani?

Subiri mbalamwezi, awe ameshiba na amelala vya kutosha. Usimtajie ndoto wala yule mwanamke. Mwambie hofu: «Ukilala ng'ambo mimi silali. Nataka kujua unalala kwa nani.» Kisha unyamaze, umwachie nafasi. Mtu asiye na la kuficha atakutajia mwenyeji wake, na mara nyingine atakwambia lake ambalo hukulijua, deni la nyavu au wenzake wanaomdhulumu mgawo. Akikasirika siku ya kwanza, usihesabu hasira kuwa ushahidi. Rudia wiki nyingine.

Zile elfu 80 usizitoe. Huyo mganga akikata ndoto moja atakuuzia dawa ya nyingine. Nunua chandarua au daftari za watoto.

Na ikiwa mchana utakuonyesha jambo la kweli, kwa macho yako mwenyewe, hapo si habari ya ndoto tena. Nendeni wote wawili kituo cha afya mpimwe, umwite mzee wa upande wake mnayemheshimu nyote, na ukumbuke kwamba sheria ya Burundi haitambui mke wa pili. Cheti cha komine kitafute leo, ukiweke mahali unapopajua wewe.