Kamba Wadogo na Maji Yao

Watu wa pwani wanawajua sana kamba wa bahari, na uduvi huanikwa juani na kuuzwa sokoni kwa kibaba. Lakini wako kamba wengine wasioijua chumvi kabisa. Hao hukaa katika maji matamu ya mito, vijito na maziwa, na umbo lao ni dogo. Katika Ziwa Viktoria yuko mmoja ambaye Wajaluo humwita ochonga, na wataalamu humwita Caridina nilotica. Hukaushwa akawa chakula cha kuku na cha samaki wa kufugwa. Jamaa yake mmoja, atokaye katika vijito vya China na Taiwan, amekuwa mashuhuri duniani kwa ajili ya rangi yake. Asili yake ni mwenye rangi ya hudhurungi, wala haonekani upesi katikati ya majani. Walakini wafugaji waliwachagua wale wenye wekundu, wakawazalisha, hata wakapata kamba mwekundu kama buni mbivu. Jina lake la kitaalamu ni Neocaridina davidi. Urefu wake ni kama sentimita 3 tu, na maisha yake ni mwaka mmoja au miwili.

Kamba huyu hufugwa ndani ya tangi la kioo lenye mchanga na mimea ya majini. Mchana kutwa hutembea juu ya majani, akichokora ukoga kwa vikono vyake na kuutia kinywani, kana kwamba amepewa kazi ya kumaliza kabla ya jua kuchwa. Kumtazama kunapendeza. Lakini kumweka hai kunataka kujua mambo ambayo macho hayayaoni, kama alivyojifunza mwanafunzi mmoja.

Mwanafunzi huyo alisugua tangi lake la lita 40 hata likang'aa. Akaosha mchanga mara 7, akapanda mimea michache, akajaza maji ya mfereji, na jioni ile ile akatia kamba 10 aliopewa na rafiki yake. Akawapa chakula tele, maana aliwahurumia kwa safari. Maji yalikuwa maangavu hata ukurasa wa kitabu ungeweza kusomwa upande wa pili. Siku ya 3 asubuhi alikuta kamba 4 wamelala ubavu. Siku ya 5 alibaki mmoja tu, naye amejikunyata juu ya jani karibu na uso wa maji.

"Mwalimu," akasema shuleni, "maji yale yalikuwa safi kuliko haya tunayokunywa."

"Naam, mwanangu," mwalimu akajibu, "yalikuwa safi mno. Uliwajengea kamba nyumba nzuri, lakini hukuweka hata mtumishi mmoja wa kuzoa taka."

Maana ya neno hilo ni hii. Kila alaye hutoa taka. Taka ya kamba, na chakula kilichobaki, na majani yaliyokufa, vyote huoza, na katika kuoza hutoka sumu iitwayo amonia. Amonia haina rangi ndani ya maji. Maji yaweza kung'aa nayo yamejaa mauti. Kamba huvuta pumzi kwa matamvua yaliyofichwa chini ya gamba la kifua, na sumu hiyo huyadhuru. Katika mto maji hupita na kuichukua; ndani ya tangi haina pa kwenda.

Wanaoiondoa ni bakteria, viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Wako wa namna mbili. Wa kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, nayo nitriti ni sumu vilevile. Wa pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina ukali ikiwa ni kidogo. Mrusi mmoja, Sergei Winogradsky, alifaulu kuwatenga bakteria wafanyao kazi hii mwaka 1890. Bakteria hao hushikamana na mchanga, na majani, na zaidi sana na sifongo ya chujio, wala hawaongezeki upesi: katika tangi jipya majuma 4 hata 6 yaweza kupita kabla hawajatosha. Kwa sababu hiyo mfugaji mwenye busara hupanda mimea kwanza, hutia chembe za chakula zioze, kisha hungoja bila kutia kamba. Hupima maji kwa dawa za matone zibadilishazo rangi. Amonia ikiwa 0, na nitriti ikiwa 0, na nitrati imekwisha kuonekana, ndipo kamba huingizwa. Nitrati nayo afadhali isipite miligramu 20 katika lita moja.

Hapo ndipo wengi hukosea, maana huona sifongo imekuwa nyeusi, wakaichukua mferejini wakaisugua hata ikawa kama mpya. Maji ya mfereji katika miji mingi hutiwa klorini ili kuua vijidudu viletavyo magonjwa, na klorini haichagui. Huwaua na bakteria walio wema. Sifongo hukamuliwa polepole ndani ya maji yaliyotolewa katika tangi lenyewe, basi.

Na mimea je? Kazi yake ilijaribiwa zamani. Mwaka 1849 mtaalamu wa kemia wa London, Robert Warington, alitia samaki wawili wa dhahabu na mimea ya majini katika chombo cha galoni 12, yaani lita 55 hivi. Kwanza mambo yalikwenda vizuri. Halafu majani makuukuu yakaoza, maji yakachafuka, na ukoga ukafunika kioo. Warington akatia konokono wa maji. Wakala majani yaliyooza pamoja na ukoga, na maji yakatakata tena. Mwaka 1850 aliwapa wenzake habari za jaribio hilo, na mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ikafungua nyumba ya matangi kwa watu wote. Siku zile kazi ya bakteria ilikuwa haijajulikana bado, kwa hiyo sifa zote walipewa mimea na konokono. Kumbe walikuwamo watumishi wengine wasiotajwa.

Mimea huila amonia na nitrati kama mahindi yalavyo samadi. Tena kunapokuwa na mwanga hutoa oksijeni, ambayo kamba huivuta. Lakini usiku kazi hiyo hukoma, na mimea yenyewe huvuta oksijeni ile ile na kutoa hewa ya ukaa. Hivyo tangi lililosongamana majani laweza kuwa na raha alasiri na dhiki alfajiri. Kamba wakionekana wote wamepanda juu kabla ya mapambazuko, wanaomba hewa. Dawa yake ni pampu ndogo ya hewa itikisayo uso wa maji usiku kucha. Joto nalo hutazamwa, maana maji ya moto hushika oksijeni kidogo kuliko maji ya baridi. Kamba huyu hupenda nyuzi 22 hata 25 za Selsiasi, na tangi lililowekwa penye jua kali la dirishani hupita hapo upesi.

Jambo kubwa katika maisha ya kamba ni kuvua gamba. Gamba halikui, kwa hiyo hana budi kulipasua, kutoka, na kuotesha jingine kwa madini yaliyomo ndani ya maji na chakula, hasa kalsiamu, iliyo asili ya chokaa. Maji ya mvua peke yake hayamfai, kwa kuwa karibu hayana madini. Hata maji mema yakibadilishwa mengi kwa ghafula, huweza kumtia katika kuvua gamba kabla ya wakati wake, naye hufa amenaswa ndani ya vazi lake mwenyewe. Basi kila juma hutolewa sehemu moja ya 10, au mbili, na mapya hutiwa kidogo kidogo, tone kwa tone kwa mpira mwembamba, yakiwa na joto lile lile. Klorini hutoka katika maji yakiachwa wazi siku nzima. Lakini pale mamlaka ya maji itumiapo kloramini, kungoja hakutoshi, na dawa ya kuiondoa hutumiwa. Maji yaliyotolewa humwagwa juu ya mchicha, nao hustawi. Hayamwagwi mtoni, asije akaingia kamba mgeni mahali pasipo pake.

Liko jambo moja la ajabu. Damu ya kamba huchukua oksijeni kwa msaada wa madini ya shaba, kama damu ya mtu ifanyavyo kwa chuma. Walakini shaba ikiyeyuka ndani ya maji, hata kidogo sana, ni sumu kwake. Ziko dawa za samaki zenye shaba, na mabomba ya shaba pia. Tena kamba ni jamaa ya mbali ya wadudu; kwa hiyo dawa ya kuulia mbu, kama ile itokayo katika maua ya pareto, ikipulizwa chumbani na kuanguka juu ya maji, huweza kuwamaliza wote usiku mmoja.

Yule mwanafunzi alianza upya. Safari hii alingoja majuma 6, na kungoja kulimwia vigumu, maana wenzake walimcheka kwa kutazama tangi lisilo na kitu. Kisha akatia kamba 8. Chakula aliwapa kidogo, mara mbili kwa juma, na kilichobaki baada ya saa chache alikitoa. Siku moja alikuta kamba mweupe amelala mchangani, akamkimbilia mwalimu kumwambia kwamba mauti yamerudi.

"Umewahesabu?" mwalimu akauliza.

Akarudi akawahesabu: walikuwa 8. Alichokiona ni gamba tupu. Aliliacha pale kama alivyoambiwa, na jioni kamba walikuwa wakilitafuna, wakirudisha madini yao mwilini.

Mwezi uliofuata jike mmoja alionekana amebeba mayai ya manjano chini ya tumbo, kama 20 na zaidi, akiyapepea kwa miguu yake ya kuogelea ili yapate maji mapya. Yapata majuma 3 na nusu yakapita. Asubuhi moja tumbo lake lilikuwa tupu, na mwanafunzi alipoinama karibu na kioo aliona juu ya jani vijikamba visivyozidi urefu wa punje ya mtama, kila kimoja kamili kama mama yake, vikichokora ukoga. Alihesabu 17, kimoja kikaruka, hesabu ikampotea, akaanza tena.