Kabla Hujanunua Kiti cha Chandigarh

Viti vya mbao za mtiki na henzirani kutoka Chandigarh, kaskazini mwa India, leo hupigiwa mnada Paris, London na New York kwa maelfu ya dola. Miaka ya 1990 viti hivyohivyo vilikuwa vimerundikwa nje ya ofisi za serikali, vikiuzwa kwa bei ya kutupa. Penye faida kubwa hivyo matapeli hawakosekani, kwa hiyo mnunuzi ajue anachokitafuta.

Vilikotoka

India ilipogawanywa mwaka 1947, mji wa Lahore uliangukia upande wa Pakistan na Punjab ya India ikabaki bila makao makuu. Serikali ya Jawaharlal Nehru iliamua kujenga mji mpya, ndio Chandigarh, na msanifu majengo Le Corbusier akapewa kazi ya kuuchora. Aliyehamia huko na kuisimamia kazi hiyo hadi mwaka 1965 ni binamu yake, Pierre Jeanneret. Ofisi, mahakama na vyuo vilihitaji samani kwa maelfu. Jeanneret na wenzake, akiwemo msanifu wa Kihindi Eulie Chowdhury, walichora viti ambavyo seremala wa hapohapo angeviweza. Mtiki hauliwi kirahisi na mchwa, na henzirani hupitisha hewa kwa karani anayekaa kutwa kwenye joto.

Namna ya kukikagua

Kiti cha ofisi kinachojulikana zaidi kina miguu inayokutana juu na kuachana chini, kama bikari. Kigeuze utazame upande wa nyuma na chini. Vingi viliandikwa kwa rangi herufi na namba za idara vilikotumika. Alama hiyo ni dalili tu, kwani kopo la rangi halimshindi mghushi.

Chunguza viungo na ncha za miguu. Kiti kilichoburutwa sakafuni miaka mingi hulika chini, na mikono yake hulainika pale viganja vilipokaa. Henzirani mpya isikutishe, maana huchakaa na kufumwa upya. Pia usitarajie viti viwili vilingane kabisa: vilitoka karakana mbalimbali, vikatengenezwa kwa mkono. Jihadhari zaidi na seti inayolingana hadi kwenye mikwaruzo.

Karatasi kwanza

Mwaka 2011 Wizara ya Mambo ya Ndani ya India ilipiga marufuku kuuza samani hizi na kuzisafirisha nje. Hata hivyo, sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1972 hulinda zaidi vitu vilivyotimiza miaka 100, na viti hivi havijafika umri huo. Kwa mwanya huo vimeendelea kuonekana minadani ng'ambo. Mwombe muuzaji risiti ya mnada wa serikali kilikonunuliwa kiti, na hati ya kutokea India yenye tarehe. Akikujibu kwa maneno matupu, achana naye.

Nenda ukavione

Vyuo vya Punjab vina wanafunzi kutoka Afrika Mashariki, na wapo ndugu wanaowatembelea. Ukiwa upande huo, anza na eneo la Capitol, lenye Mahakama Kuu, Bunge, Sekretarieti na sanamu ya Mkono Wazi yenye urefu wa mita 26. UNESCO ililiorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2016. Humo watu wako kazini na ulinzi ni mkali: beba pasipoti, jiandikishe kwenye ofisi ya utalii, ufuatane na mwongozaji. Saa za ziara hubadilika, hivyo uliza siku moja kabla.

Kisha nenda Sekta 5, kwenye nyumba aliyoishi Jeanneret, ambayo sasa ni makumbusho. Kituo cha Le Corbusier kiko Sekta 19, katika ofisi ya zamani ya wasanifu wa mji huu. Hapo utaona samani halisi kwa karibu, jambo litakalokusaidia kuliko picha za dalali. Nenda kati ya Oktoba na Machi, maana Mei na Juni joto hupita nyuzi 40.

Kama unachopenda ni umbo la kiti na si umri wake, agiza nakala mpya inayouzwa waziwazi kama nakala. Utalipa kidogo, utakaa vizuri, na hakuna atakayekudai hati.